Pumzi za Upande Mmoja

Bega la kushoto la Brashi lilikataa kazi katikati ya ziwa. Halikutoa onyo la maana. Aliutupa mkono mbele kama kawaida yake, akauzamisha ili avute maji, na palepale juu ya bega pakachoma kama msumari uliotoka motoni. Akajaribu tena. Mkono ukapanda kidogo tu, ukaanguka majini wenyewe kama mzigo wa mtu mwingine.

Mbele yake lilikuwepo jiwe. Lilikuwa jiwe kubwa la kijivu lililochomoza mbali na ufuko, naye aliligusa kila alfajiri kabla ya kugeuka kurudi. Siku hiyo alikuwa karibu nalo kuliko alivyokuwa karibu na nchi kavu, na mtu mwenye akili zake angelifikia akapumzika. Brashi aliogopa kwamba akishalipanda hatathubutu kushuka. Basi akageuka chali, akaukumbatia mkono mbovu kifuani kwa ule mzima, akarudi kwa nguvu za miguu peke yake, akipiga maji kama bata na kutazama mawingu. Alipofika kwenye kina kifupi meno yalikuwa yanagongana, na vidole havikuweza kufunga kifungo cha shati. Akalivaa hivyohivyo, wazi.

Njiani hakuwaza sana maumivu. Aliwaza atamwambia nini mkewe.

Mtu huyu alikuwa fundi rangi. Jina la Brashi alipewa na mafundi wenzake, likamganda hata jina lake la kuzaliwa likabaki la kwenye vyeti. Alikuwa akipaka kuta na dari za watu tangu alipoacha shule, na kwa kuwa alizaliwa wa mkono wa kushoto, mkono huo ndio uliokuwa ukiwalisha. Kuogelea hakuzaliwa nako. Alifundishwa na mkewe, mshonaji, ambaye wakati huo alikuwa msichana anayekwenda majini kama mtu anayeingia sebuleni kwao. Alimkuta Brashi akitapatapa kwenye kina cha kiuno, akamcheka kwanza, kisha akamshika kidevu na kumwonyesha namna ya kulala juu ya maji. Hawakuachana tangu siku hiyo, majini wala nje.

Kwa miaka mingi walikwenda kwenye jiwe pamoja, bega kwa bega, mke kulia na mume kushoto. Mume alivuta pumzi akigeukia kulia, mkewe akigeukia kushoto, na hivyo kila pumzi walionana. Ulikuwa uso uliolowa, mdomo wazi upande, jicho nyuma ya miwani. Halafu uso chini, halafu tena. Mpaka kwenye jiwe na kurudi.

Kisha ikaja asubuhi ya upepo. Wimbi lilimpiga mke kibao cha sikio la kushoto, ngoma ya sikio ikapasuka. Alijikaza kisabuni, akasema ni maji tu yameingia yatatoka. Yaliyotoka ni usaha. Alipokwenda hospitali sikio lilikuwa limeshaoza ndani, na daktari alimwambia kichwa chake kisiingie tena majini maisha yake yote. Akaikabidhi miwani yake kwa mtoto wa jirani. Ziwa lilikuwa mwendo wa barabara mbili kutoka kwao. Yeye akawa anazungukia barabara ya tatu kwenda sokoni, ili asilione.

Brashi aliendelea kwenda. Mkewe hakumkataza, wala hakumuuliza kulikuwaje.

"Umechelewa," mkewe alisema asubuhi ile, bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani.

"Maji yalikuwa mazito leo."

"Na shati nalo lilikuwa zito? Halijafungwa kifungo hata kimoja."

"Nasikia joto."

"Joto, na meno yanapiga makofi." Akasimamisha mguu juu ya kanyagio la cherehani. "Mkono una nini?"

"Niliteguka jana kwenye ngazi. Kidogo tu."

"Ngazi ya nani hiyo inayolowesha nywele, baba?"

Brashi akaenda kujaribu kuvua shati, akakwama nalo kichwani. Ikabidi mkewe ainuke kumchomoa kama mtoto.

Kabla ya hospitali alipita kwanza mikononi mwa shemeji yake. Huyu alikuwa kaka wa mke, mziba pancha kwenye gereji ya jirani, na katika maisha yake hakuwahi kuona kitu ambacho hakikufanana na gurudumu. Alilizungusha bega la Brashi kidogo, akaweka sikio lake karibu, akasikiliza.

"Hii ni beringi imekauka, shemeji. Inataka mafuta ya moto na kuzungushwa mpaka ilainike."

"Una hakika?"

"Nimezungusha mangapi mimi?"

Akalimwagia mafuta, akalizungusha. Sauti aliyoitoa Brashi iliwatoa majirani nje. Kesho yake hakuweza kuchana nywele wala kushika rola, na dari ya watu aliyokuwa ameianza ikabaki nusu nyeupe, nusu kijivu.

"Kaka," mke alimwambia ndugu yake, "wewe endelea na matairi. Tairi likiharibika haliamki na mtu kitandani likilalamika."

Mtaalamu wa viungo pale hospitali alikuwa msichana mfupi, mcheshi wa uso lakini si wa mikono. Vidole vyake viliposhika mahali havikuachia mpaka mahali hapo paseme ukweli. Brashi kimoyomoyo akambatiza Koleo. Mke alikuwepo, amekaa kwenye kiti karibu na mlango, mkoba magotini.

"Inua hivi, mzee. Basi. Sasa nyuma. Hapa panauma?"

"Hapana."

Akabonyeza.

"Panauma," alisema Brashi.

"Nami nilidhani." Koleo akaenda kunawa mikono. "Kano za bega zimesagwa na mfupa mpaka zimevimba. Moja imechanika kidogo. Haijakatika. Ingekatika ningekupeleka kwa wenye visu."

"Ni zile dari," alisema Brashi haraka.

"Dari zimechangia. Lakini mkeo ameniambia unaogelea mbali, mpaka kwenye jiwe. Hebu lala kifudifudi hapo kitandani, uogelee."

"Hapa?"

"Maji sina. Ogelea polepole, usiulazimishe mkono."

Brashi akalala, akaogelea hewani, akijisikia mjinga, mkono wa kulia ukizunguka na wa kushoto ukitambaa nusu njia. Koleo alizunguka kitanda, akainama, akasema aendelee. Alisema hivyo tena na tena.

"Mzee, kila ukivuta pumzi unageukia kulia. Kushoto hugeuki?"

"Sikuzoea."

"Hata mara moja moja?"

"Hata mara moja."

Koleo akavuta kigoda, akakaa. "Ukigeukia kulia, mkono wa kushoto unakuwa umenyooka mbele, na mwili wote unaulalia. Kila pumzi. Unalibonyeza bega ili kichwa kitoke. Mtu anayegeuka huku na huku anagawa mzigo. Wewe wote umelibebesha hili moja, kisha unatoka majini unalipeleka kwenye dari. Kulia kuna nini unachokitazama?"

Chumba kilikuwa kidogo. Nje mtu alikuwa akisukuma kitoroli chenye gurudumu linalolia.

"Hakuna kitu," alisema Brashi. "Maji tu."

Mkewe akasimama, akauweka mkoba kwapani. "Nitakusubiri nje," alisema, akatoka.

Koleo hakuelewa, wala halikuwa jukumu lake kuelewa. Akampa raba ndefu ya kuvuta, akamwonyesha mazoezi, akamkataza ziwa, dari na shemeji. "Ukipona utarudi majini. Utafika mpaka kwenye jiwe lako. Lakini utapumulia kushoto. Ukirudia kulia utarudi hapa, na safari hiyo nitakuwa sina la kufanya zaidi ya kukupa pole."

Walirudi nyumbani kwa miguu. Brashi alitembea kulia kwa mkewe, kama walivyotembea tangu sikio life, ili maneno yake yaangukie sikio zima. Walipita duka la vioo, wakapita ukumbi ambao Brashi aliupaka rangi mwaka uleule sikio lilipoharibika. Hapo ndipo mkewe aliposema:

"Mimi ndiye niliyekuwa kulia kwako."

"Ndiyo."

"Tangu nitoke majini umekuwa ukitazama nini?"

"Pale ulipokuwa."

"Pana nini?"

"Nilishasema, mama. Maji."

Wakavuka barabara.

"Kitandani umenihamisha," alisema mke. "Mezani umenihamisha. Hata hapa barabarani niko kushoto kwako, kwa sababu ya hili sikio. Ziwani tu ndiko hukunihamisha."

"Ziwani hukuja nikuhamishe."

Lilikuwa neno la kweli, ndiyo maana lilimkera. Kwa siku kadhaa mkewe aliongea naye mambo ya chumvi na maji ya kuoga tu. Jioni moja, akiwa anakata uzi kwa meno, alisema bila kutangulia na salamu: "Mimi nilidhani unakwenda kule kunisahau. Kila ulipotoka na taulo nilisema, sawa, ana mahali pake pa kupumzika mbali nami. Nikakaa na wivu wangu. Kumbe ulikuwa unajivunja kwa ajili ya mahali pasipo na mtu."

"Palikuwa na mtu," alisema Brashi.

Mkewe akaurudisha uso kwenye nguo. Tangu hapo ugomvi ulikwisha, lakini ziwa likaingia ndani ya nyumba likakaa kati yao kama mgeni asiyeaga.

Waliamka kukiwa bado gizagiza saa ileile ya kuogelea, wote wawili, kwa sababu mwili hauachi mazoea kwa kuambiwa. Wakakaa jikoni na chai. Upepo ukivuma kutoka upande ule uliingia na harufu ya majani mabichi na tope, na hakuna aliyesema ni harufu ya nini. Brashi aliifunga raba kwenye kitasa cha mlango, akavuta ndani, akavuta nje. Alishika ufagio kwa mikono miwili nyuma ya mgongo akaupandisha. Zoezi kubwa lilikuwa la ukutani: alisimama mbele ya ukuta akautambaza mkono juu kwa vidole, kama buibui, mpaka bega liseme basi. Na kwa kuwa alikuwa fundi rangi, alidondosha rangi kidogo ukutani kwenye kila usawa wa kufikia, ajue amefika wapi.

"Ukuta wangu umekukosea nini?" mkewe aliuliza alipouona.

"Hiyo ni njano. Ni usawa wa kifua. Buluu ni mdomo. Kijani ni juu ya kichwa."

"Na ile nyekundu kule, karibu na dari?"

"Pale ndipo nilipokuwa nafika zamani. Nilipanda kiti nikaiweka."

"Kwa mkono mbovu?"

"Kwa ule mzima. Alama imetoka chafuchafu kidogo."

Njano aliifikia upesi. Buluu ilimsumbua. Kuna wiki mkono ulipanda, kuna wiki ulishuka bila sababu, na siku ambazo alilalia bega usingizini aliamka kama ameanza upya. Kazini alipaka sehemu za chini za kuta kwa mkono wa kulia, mistari ikienda upogo, na dari akamwachia fundi mwingine aliyekuwa akimtania kwamba amekuwa fundi wa vimo vya watoto. Brashi alicheka naye. Akifika nyumbani alisimama mbele ya ile alama nyekundu akaitazama kama mtu anayetazama nauli ya mbali.

Somo la pumzi lilikuwa la mke. Alitenga beseni la maji mezani, akamwambia ainame aweke uso.

"Sasa geuka kushoto. Si kuinua kichwa. Geuza. Shavu moja libaki majini."

Brashi akageuka, akakohoa, maji yakamtoka puani.

"Unanyanyua shingo kama kobe. Ulikuwa hivihivi siku ile nilipokuokota."

"Hukuniokota. Nilikuwa nimesimama."

"Ulikuwa unazama umesimama. Tena."

Alikaa kwenye kiti upande wa kushoto wa beseni, akamshika kisogo kwa kiganja, akamgeuza. Kila uso ulipotoka majini Brashi alimwona: kidevu, pini mdomoni, jicho linalokagua. Chini. Halafu tena yule pale. Siku ya kwanza ambayo hakukohoa, mke alitumbukiza vidole kwenye beseni kana kwamba anataka kupima joto la maji, akaviacha humo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Chini kule palikuwa kimya," alisema. "Kimya chenyewe. Watu wanadhani sikio likifa linakupa kimya. Hili langu linapiga filimbi mchana kutwa, kama birika. Mimi sina hamu ya jiwe. Nina hamu ya kile kimya."

Brashi akamwaga maji ya beseni nje, na hata kuyamwaga ilimuuma kidogo.

Koleo alipomruhusu kurudi, alitoa masharti: kina kifupi, karibu na nchi, mwendo mfupi, kushoto tu. Upande mmoja wa ufuko kulikuwa na ukuta wa mawe ulioingia ziwani kuvunja mawimbi, mpana wa kutosha mtu kutembea, na mwisho wake pana ngazi ya chuma ya kupandia. Brashi alipanga kwenda peke yake. Alipochukua taulo alimkuta mkewe mlangoni amevaa viatu, chupa ya chai mkononi.

"Unakwenda wapi?"

"Kuona kazi yangu," alisema mkewe.

Hawakuzungukia barabara ya tatu. Walipita barabara mbili tu, moja kwa moja, na ziwa lilipotokea kati ya nyumba mke alipunguza mwendo, akalitazama kama mtu aliyekutana na ndugu aliyekosana naye. Kisha akapanda ukutani. Brashi akaingia majini, maji yakampanda magotini, tumboni, kifuani, na ubaridi ule alioukosa ulimshika mbavuni akahema kwa nguvu. Akalala. Akauweka ukuta kushoto kwake, akaogelea.

Pumzi ya kwanza aligeukia kulia, kwa mazoea. Maji matupu. Ya pili akalazimisha kushoto, akanywa funda zima la ziwa. Ya tatu alikumbuka shavu libaki majini. Akageuka, na juu ya mawe akaona viatu vya mkewe, pindo la gauni, na mkono umeshika chupa ya chai. Uso chini. Akageuka tena: viatu vimesogea, viko usawa wake. Kila alipovuta pumzi mkewe alikuwepo, akitembea polepole kwa mwendo wa maji.

"Mkono usiunyooshe kama unapaka dari," sauti ilishuka kutoka juu. "Upinde kiwiko."

Bega liliuma, lakini maumivu ya kazi, si ule msumari. Alipofika kwenye ngazi ya chuma alishika kwa mkono wa kulia, akapanda akitetemeka. Mkewe akamtupia taulo. Kurudi kwa kuogelea kungeuweka ukuta kulia, kwa hiyo hakurudi majini. Walirudi kwa miguu juu ya ukuta, yeye kulia kwa mkewe, akikausha kichwa kwa mkono mmoja.

Wakawa wanakwenda hivyo. Ikawa ndiyo safari yao: mmoja majini, mmoja juu ya mawe, kwenda tu, kisha wote juu ya mawe kurudi.

Mkono ulifika kijani, ukakaa hapo. Baada ya miezi kadhaa Koleo alilibonyeza bega kila mahali na Brashi hakuruka. "Limepona kadiri litakavyopona," alisema. "Ile alama nyekundu uliyonisimulia, isahau. Lakini jiwe nenda, mzee, kama unalitamani. Ila kushoto."

Alilitamani. Kila asubuhi tangu bega likatae alilitamani, na mkewe alilijua hilo bila kuambiwa. Asubuhi iliyofuata, ziwa likiwa limetulia na jiwe linaonekana hadi nyufa zake, walisimama ufukoni.

"Nenda basi," alisema mke. "Nitakaa hapa."

"Utakaa?"

"Nitajaribu. Ukishakuwa kichwa tu, halafu nukta, sijui kama nitaweza. Lakini nenda. Ni lako."

Brashi akaingia mpaka kiunoni, akasimama. Mbele yake njia ya jiwe ilikuwa wazi. Kulia kwake, pale palipokuwa na uso ule miaka yote, palikuwa na maji. Kushoto nako maji. Alisimama hapo mpaka miguu ikaanza kufa ganzi. Nyuma yake mkewe alikuwa amekaza mkono kwenye chupa ya chai kama mtu anayengoja matokeo ya hospitali.

Akageuka, akatembea ndani ya maji hadi mwanzo wa ukuta.

"Unakwenda wapi?" aliuliza mke.

"Panda juu," alisema Brashi. "Nakungoja."

Ukitaka kujua vilivyopotea, ni hivi. Sikio moja, la kushoto, la mke. Bega moja, la kushoto, la mume. Linafika alama ya kijani na halitaiona tena nyekundu. Dari zote, ambazo sasa zinapakwa na mwenzake. Kile kimya cha chini, ambacho mke hatakipata popote. Na jiwe. Lipo palepale, la kijivu, nao hulitazama wakiwa mwisho wa ukuta wakinywa chai kwenye kifuniko kimoja cha chupa, kisha hugeuka kurudi nyumbani, mke upande wa kushoto.